Dada, hiyo si UTI: Ni mishipa ya kibofu inayopiga kelele!

MPENZI msomaji, leo naomba nianze na safari. Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Mbeya, basi unajua maana ya kuchimba dawa. Gari linasimama porini, konda anapiga bodi na kutangaza: "Haya, dakika tano, wanaume huku, kinamama kule!" Watu wanashuka, wanachimba dawa, wanarudi kwenye siti zao. Hakuna wa kumcheka mwenzake. Ndiyo safari.

Sasa siku hiyo nilikuwa na dada yangu mkubwa, tunakwenda msibani. Jina lake nalihifadhi, maana akijiona gazetini sitaonja tena pilau yake. Hatujafika hata Chalinze akanigusa bega: "Mdogo wangu, mwambie konda." Konda muungwana akasimamisha. Tukafika Morogoro, tena. Tukaondoka Morogoro, nusu saa haijaisha, tena! Abiria wakaanza kuguna.

Kasheshe yenyewe ilikuja Mikumi. Pale ni mbugani bwana. Hata konda awe na roho ya malaika hawezi kumshusha mtu akachimbe dawa mbele ya simba. Dada yangu akakunja kanga, akainamia magoti, akalia machozi kabisa. Mama mmoja wa siti ya nyuma akatamka kwa sauti ya kufika hadi kwa dereva: "UTI hiyo. Magonjwa ya mjini hayo."

Neno hilo "magonjwa ya mjini" ndilo lililonifanya niandike makala hii.

DOZI JUU YA DOZI

Msomaji, kabla ya safari ile dada alikuwa amemeza dozi mwaka mzima na zaidi. Kila akienda kwenye maabara ya mtaani anaambiwa "una UTI", anaandikiwa vidonge, anameza. Siku mbili nafuu, ya tatu yale yale. Kukojoa kila baada ya dakika ishirini, maumivu chini ya kitovu kibofu kikianza kujaa, usiku kuamka mara tano au sita. Kuna wakati alikuwa hapimi tena, anakwenda tu duka la dawa kutaja jina la kidonge kama anayeagiza soda.

Akaacha kunywa maji. Akaacha kwenda kwenye harusi. Kanisani anakaa siti ya mlangoni.

Shemeji yangu ni mtu mzuri, lakini binadamu. Dozi ya tatu walimeza wote wawili kama walivyoambiwa. Dozi ya tano akaanza kupiga hesabu zake: mimi siumwi, wewe unaumwa, sasa hii kitu inatoka wapi? Hakumpiga, hakumtukana. Alihamia sebuleni tu na shuka lake. Wenye ndoa mnajua, shuka likihamia sebuleni, begi liko njiani.

Tuliporudi kutoka msibani nikamwambia dada, basi, mtaani imetosha, twende hospitali kubwa. Kule wakauotesha mkojo wake. Maana yake wanauweka kwenye chakula cha bakteria na kusubiri siku mbili tatu waone kama kuna mdudu atakayeota. Hakuota kitu. Wakarudia, hakuna. Wakapima kichocho, sukari, ujauzito, wakapiga ultrasaundi, mwisho wakaingiza kamera ndogo kutazama ndani ya kibofu.

Daktari akamwambia: "Mama, kibofu chako hakina wadudu. Mishipa ya fahamu ya kibofu ndiyo inayopiga kelele." Halafu akauliza swali lililotuacha midomo wazi: "Pilipili unakula?"

Nilirudi nyumbani na lile swali kichwani, nikaanza kuchimba na mimi. Siyo dawa, habari. Haya ndiyo niliyoyapata.

KONDA NA DEREVA

Chukulia kibofu ni basi. Kwa mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500, karibu sawa na chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Dereva ni ubongo, yuko mbele, haoni nyuma. Anayemjulisha hali ya gari ni konda, na konda huyo ni mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ukuta wa kibofu, inaingia uti wa mgongo kwa chini, kisha habari inapanda hadi kichwani.

Makonda ni wa aina mbili. Wa kwanza ni nyuzi za haraka zenye ala nyembamba, wataalamu wanaziita A-delta. Hawa wana adabu. Mkojo ukifika mililita 150 au 200 wanapiga bodi taratibu: "Dereva, abiria wanaongezeka." Unasikia haja kwa mbali, unamalizia maongezi yako. Ukikaribia kujaa wanapiga kwa nguvu, unatafuta choo.

Wa pili ni nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinaitwa nyuzi C. Kwa mtu mzima mwenye afya nyingi zimelala tu. Huamka kibofu kikiwa na hatari: kimeungua, kimevimba au kimeingiwa na kitu kikali. Zikiamka hazisemi "gari limejaa". Zinasema "gari linaungua!" Na kibaya zaidi, kuna watu ambao nyuzi hizi zikiamka, hazilali tena.

Hata konda wa adabu anahitaji sikio la kusikia mvutano wa ukuta. Sikio mojawapo limejulikana juzi juzi tu. Ni kipokezi kiitwacho PIEZO2, kimo kwenye mishipa na kwenye utando wa ndani wa kibofu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliozaliwa bila kipokezi hicho kufanya kazi hawapati vizuri taarifa ya kibofu kujaa. Baadhi yao huenda chooni kwa kutazama saa! Mmoja wa watafiti wale, Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, Lebanoni, alipata tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa ugunduzi wa vipokezi vya aina hiyo.

UNGA WA HERUFI P

Swali linakuja: konda anapiga bodi kwa kutumia nini? Umeme peke yake hautoshi. Mwisho wa kila mshipa kuna vifuko vidogo vyenye kemikali, na baadhi ya kemikali hizo ni vipande vifupi vya protini viitwavyo niuropeptidi.

Ya kwanza kugunduliwa ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1931 huko London, kijana kutoka Sweden aitwaye Ulf von Euler pamoja na John Gaddum walikuwa wanachuja utumbo na ubongo wa farasi. Wakapata kitu kinachoshusha shinikizo la damu na kukunja utumbo wa sungura. Hawakujua ni nini. Kwenye maandishi yao ule unga waliuwekea alama ya herufi P, na mpaka leo dunia nzima inaiita dutu P, kama mtoto aliyezaliwa safarini akapewa jina la basi.

Ilichukua miaka 40 kuujua mwili wake. Mwanamama Susan Leeman wa Marekani alikuwa anatafuta homoni nyingine kabisa, akaona panya wake wanadondokwa na mate hovyo. Akafuata mate yale, yakampeleka kwenye dutu P. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Michael Chang wakatangaza mpangilio wake: asidi amino 11 tu.

Dutu P ikitoka kwenye mshipa inatafuta kitasa chake. Kitasa hicho ni kipokezi kinachoitwa NK1. Kipo kwenye mishipa ya damu ya kibofu, kipo kwenye utando wa ndani, kipo pia kule kwenye uti wa mgongo ambako habari ya maumivu hupandishwa juu. Ana ndugu yake, niurokinini A, ambaye hupenda zaidi kitasa cha NK2, na huyo akifungua, msuli wa kibofu hujikunja wenyewe.

Sasa ona mzunguko unavyoanza. Nyuzi C zikiamka hazitumi habari mbele tu, zinamwaga dutu P hapo hapo kibofuni. Mishipa ya damu inatanuka na kuvuja maji, ukuta unavimba. Askari wa mwili waitwao seli za masti wanapasuka na kumwaga histamini, ile ile inayokuwasha ukiumwa na mdudu. Histamini inazichokoza nyuzi C, nyuzi C zinamwaga dutu P tena. Ngoma inajipiga yenyewe, mpigaji hayupo!

Hapo, msomaji, ndipo nilipomwelewa dada yangu. Inawezekana zamani alikuwa na UTI ya kweli, wadudu wakafa, mishipa ikabaki inapiga kelele. Inawezekana ilianza kwa njia nyingine. Lakini maumivu yake ni ya kweli, yana kemikali yake, yana vitasa vyake. Siyo deko. Siyo uchawi. Na siyo umalaya.

PILIPILI INAINGIAJE?

Daktari hakuuliza pilipili kwa utani. Zamani, katika miaka ya 1940, Mhangaria Miklós Jancsó aliona jambo la ajabu: mnyama akipewa ukali wa pilipili, kapsaisini, mara nyingi, hafiki mahali akazoea tu, bali mishipa yake inapoteza uwezo wa kusikia ule muwasho. Mwaka 1967 ilichapishwa kazi yake na ya mkewe Aranka iliyoonyesha kwamba mishipa ya fahamu yenyewe inaweza kuleta uvimbe. Yaani mshipa siyo mtoa habari tu, na fujo anafanya.

Kitasa cha pilipili kikapatikana mwaka 1997 na kundi la David Julius kule California. Kinaitwa TRPV1. Kinafunguka kwa kapsaisini, na kinafunguka pia kwa joto la zaidi ya nyuzi 43 hivi, ndiyo maana tunasema pilipili ni ya moto. Julius ndiye aliyegawana ile Nobeli ya 2021 na Patapoutian. Na TRPV1 kipo kwenye nyuzi C za kibofu, zile zile zenye dutu P.

Wakati kitasa hakijajulikana bado, madaktari walishaanza kukitumia. Mwaka 1992 Clare Fowler na wenzake wa London waliripoti kwamba waliingiza kapsaisini iliyoyeyushwa ndani ya vibofu vya wagonjwa wenye matatizo ya uti wa mgongo, ambao mkojo uliwatoka bila hiari. Ndiyo, pilipili kibofuni! Iliwaunguza kwanza, kisha nyuzi C zikamaliza vifuko vyao na kunyamaza, na uvujaji ukapungua. Baadaye ilijaribiwa dawa ya mmea wa Moroko wa jamii moja na mnyaa wetu wa uzio, kali kuliko pilipili mara nyingi mno. Tiba hizi hazikuwa za kila hospitali, na tafadhali sana, usije ukajaribu nyumbani ukaniletea kesi. Lakini zilithibitisha kwamba mshipa ukinyamaza, kibofu kinatulia.

KWA NINI HAKUNA KIDONGE KIMOJA?

Mwenzangu utasema: si wazibe hicho kitasa cha NK1, mchezo uishe? Wazo zuri, na walilijaribu. Kuna dawa iitwayo aprepitant inayoziba NK1. Marekani iliruhusiwa mwaka 2003 kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa kansa wanaotibiwa kwa kemikali, na huko inafanya kazi. Ilipojaribiwa kwa wanawake wenye kibofu chenye haraka, safari za chooni zilipungua, lakini kidogo. Haikugeuka dawa ya kibofu.

Sababu ni kwamba kibofu hakina mlango mmoja. Utando wa ndani ukivutwa nao hutoa kemikali nyingine iitwayo ATP, ambayo hufungua kipokezi cha P2X3 kwenye mishipa. Mwaka 2000 ilitolewa taarifa ya panya waliozaliwa bila P2X3: walikojoa mara chache, na vibofu vyao vilijaa zaidi kuliko kawaida. Ziba mlango mmoja, habari inapita mwingine. Ndiyo maana tiba ni ya kuunganisha mambo, na huenda taratibu.

Dada alipewa nini? Kwanza daftari. Siku tatu aandike kila anachokunywa, kila anapokwenda chooni, na kiasi alichotoa kwa kutumia kikombe cha kupimia. Ikaonekana anakwenda mara 19 kwa saa 24, wakati watu wengi huenda kama mara 6 hadi 8.

Pili, arudishe maji. Hapa ndipo wengi wanakosea. Ukiacha kunywa, mkojo unakuwa mzito na mkali, unazidi kukichokoza kibofu. Unajizima kiu ili upone, kumbe unaongeza kuni.

Tatu, aangalie chakula. Kahawa, chai kali, soda, ndimu na pilipili huwachokoza baadhi ya wagonjwa, siyo wote. Aondoe kimoja kimoja, aone. Dada aligundua adui zake ni kahawa na pilipili. Ndimu haimsumbui.

Nne, afundishe kibofu upya. Haja ikija na siyo kali, asubiri dakika chache, wiki ijayo aongeze. Na ile misuli ya chini ajifunze kuilegeza. Mtu mwenye maumivu akikazana kuibana tu, anaweza kujizidishia.

Tano, daktari alimwandikia kidonge cha usiku cha kutuliza mishipa, kwa dozi ndogo. Kuna wengine wenye kibofu kisichosubiri ambao huchomwa sindano ya botoksi, ile ile ya warembo, kwenye ukuta wa kibofu. Marekani iliruhusiwa kwa ajili hiyo mwaka 2011 na 2013. Hupoza kwa miezi kadhaa, kisha hurudiwa. Mambo yote hayo ni ya daktari, siyo ya duka la dawa.

KABLA HUJASEMA "NA MIMI NDIYO HIYO"

Tafadhali msomaji, usifunge gazeti ukatupa dawa zako. UTI ya kweli ipo, ni nyingi, na ikiachwa hupanda hadi kwenye figo. Ninachosema ni hiki: pima vizuri. Ikirudi rudi, omba mkojo uoteshwe kabla ya kumeza dozi nyingine. Dozi za kubahatisha zinafundisha wadudu usugu, halafu siku UTI ya kweli ikija, kidonge hakisikiki.

Ukiona damu kwenye mkojo, ukipata homa na maumivu ya mgongo, mkojo ukigoma kutoka, au miguu ikafa ganzi ghafla, usisubiri. Kwa wanaokaa karibu na ziwa, mabwawa na mashamba ya mpunga, pimeni kichocho, na mkojo mzuri kwa kipimo hicho ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai ya minyoo hutoka kwa wingi. Wazee wangu wa kiume, kwenu kuna tezi dume. Kukojoa sana kunaweza pia kuwa ni kisukari.

Na kwa kina shemeji wote mnaosoma: UTI siyo hati ya mashtaka. Mara nyingi mdudu wake ni bakteria wa tumboni mwa mwanamke mwenyewe, na njia yake ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu, kwa hiyo safari ya mdudu si ndefu. Kama mna wasiwasi wa magonjwa ya zinaa, nendeni mkapime wote wawili. Usiisome ndoa yako kwenye karatasi ya maabara ya kona.

Shemeji yangu mimi nilimpeleka kwa daktari yule yule. Alikaa, akaelezwa habari ya mishipa na vitasa. Alitoka kimya. Usiku ule shuka lilirudi chumbani. Hakuomba msamaha kwa maneno, lakini asubuhi alinunua kikombe kipya cha kupimia, chenye namba kubwa.

Dada hajapona moja kwa moja. Zipo siku mbaya, hasa akichoka au akiwa na mawazo. Lakini miezi minane baadaye tulipanda tena basi la Mbeya, safari hii watatu, kwenda kumaliza msiba. Mikumi tulipita dada anatazama twiga dirishani. Tulipokaribia Ruaha Mbuyuni ndipo akamgusa mumewe. Shemeji akasimama mwenyewe katikati ya gari, mbele ya abiria wote, akapaza sauti:

"Konda, simamisha bwana, mke wangu anachimba dawa!"

Na watu kumi na moja wakashuka naye. Kumbe walikuwa wamebanwa siku nyingi, wanaona haya kusema.

Wiki ijayo tukijaaliwa.